Mdomo wa Gari ya Mwakio

Voi, Jumanne, Februari 1976

Mke wa Mwakio hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Marehemu alikuwa amenikataza kuharibu sura ya gari yake ndogo ya spoti. Injini ya zamani tuliing'oa, tukaweka kubwa ya pikapu, na nilijua rejeta itataka hewa zaidi. Kumridhisha, nikapanua tundu la mbele vidole viwili tu. Tukaijaribu Wundanyi asubuhi, kwenye ukungu. Haikuchemka. Nikajisifu.

Baridi ya Wundanyi na jua la Mraru saa nane mchana, nani hapa hajui tofauti? Huko Mraru ndiko ilikomchemkia. Alifungua kifuniko cha rejeta, maji yakamrukia usoni. Alilala hospitali siku tisa, tukamzika.

Leo mjane wake ameileta. Anataka kwenda nayo Taveta, anakofundisha.

"Kata unavyojua wewe, fundi."

Nikakata shubiri nzima, yeye amesimama hapo hapo. Nilipoweka msumeno chini, akatazama saa yake.

"Kumbe ni kazi ya saa moja?"

"Saa moja, mama."

Akaingiza kidole kwenye lile tundu, akapapasa ukingo wake.

"Saa moja," akasema.