Kelele ya Anselmo Bungeni

Mtaa wa Stesheni,
Villa Saturnina,
Jumapili, 10 Agosti

Mpendwa Shangazi Hortensia,

Shikamoo, shangazi. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu huko Zaragoza, na kwamba goti limeacha kukusumbua maadamu kwenu ni kiangazi. Huku ni baridi tupu. Bomba la uani limeganda tena, na mlimau wako nimeufunika kwa blanketi kuukuu la marehemu baba. Mti huo ukifa usinilaumu, nimejitahidi.

Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua tangu zamani. Bado napika shuleni. Anselmo naye hajambo. Anakula vizuri, anacheka, na anasema mara ya mwisho mlipocheza karata za truko ulimwibia na hajasahau. Unajua mwenyewe anavyocheza. Maneno mengine yote humtoka kwa taabu, moja moja, lakini ikifika zamu ya kuita “Truko!” madirisha yanatikisika na mbwa wa jirani wanabweka. Miaka arobaini na mbili sasa namsikia kaka yangu akiita hivyo, na bado nashtuka.

Kwenye simu uliniuliza habari za ule muswada nami nikakujibu kwa mkato, kwa sababu Anselmo alikuwa karibu. Sasa amelala kidogo baada ya chakula, ngoja nikueleze. Muswada umepita.

Sheria yenyewe ni kwamba mtu mwenye ulemavu anayeishi na ndugu mwenye mshahara hapati tena posho, wala gari la kumpeleka kazini. Ndugu mwenye mshahara ndiye mimi. Napika tambi na supu ya maboga, basi serikali ya mkoa imeniona tajiri. Nikiacha kazi, posho ya Anselmo inarudi, lakini hiyo haiwezi kutulisha wawili. Nikibaki kazini, yeye atashinda ndani peke yake mpaka nirudi, na hawezi kujiinua hata kwenda msalani. Karakana ya mifagio anakofanya kazi, wenzake, kelele zao, vyote ndiyo basi. Kilichobaki ni yale makazi ya kulelea watu kule mji mkuu wa mkoa. Nimekwenda kuyaona. Vitanda vimepangwa safu, televisheni inawaka na hakuna anayeitazama. Sitaki kuandika zaidi juu ya mahali pale.

Unamkumbuka Mirta Brizuela, binti wa mwoka mikate wa kona ya stesheni? Yule aliyekuwa akikaa na Anselmo kwenye ngazi za duka wakigawana mikate iliyoungua? Siku hizi ni mheshimiwa, mbunge wa mkoa. Usicheke, lakini mpaka leo Anselmo akisikia Mirta anakuja hudai kuchanwa nywele.

Mirta aliupinga muswada ule tangu siku ya kwanza, hata pale wenzake wengine walipokuwa bado wanapima upepo. Alikuja karakanani, akaketi juu ya mzigo wa majani ya mifagio na suti yake nzuri, akatuambia kweli tupu: ushindi hawezi kutuahidi, maana upande wa serikali ni wengi, lakini hakuna atakayepiga kura kabla ya kusikia yetu yote. Anselmo akamwambia, “Nitakuja. Nikusikie.”

“Usipokuja, Anse, nitamsemea nani?” Mirta akamjibu.

Tangu hapo nyumba hii haikutulia. Kila asubuhi, “Ni leo?” Si leo. “Kesho?” Anselmo, kunywa chai yako ya mate kabla haijapoa, niache nivae viatu.

Siku ilipofika padri alituazima basi la parokia. Tulikwenda familia nyingi, wa viti vya magurudumu, wa magongo, na akina mama kama Bi Elvira Paz aliyembeba binti yake mgongoni ingawa binti sasa ni mrefu kuliko yeye. Lifti ya bunge ilikuwa mbovu. Wahudumu na dereva wakambeba Anselmo na kiti chake kwenye ngazi mpaka roshani ya wageni, kama sanamu ya mtakatifu siku ya sherehe, naye akawa anawapungia watu mkono.

Tulipotazama chini, upande wa serikali wamejaa vitini. Upande wa Mirta viti vitupu. Wote wamesimama nje, koridoni, na Mirta mwenyewe yuko mlangoni, koti mkononi, haingii.

Hatukujua, shangazi. Hilo ndilo linalonila. Asubuhi hiyohiyo mbunge mmoja wa serikali alikuwa amekwama mlimani kwa theluji, na bila yeye walipungukiwa mtu mmoja. Bunge letu halifunguliwi mpaka zaidi ya nusu ya wabunge wawe wameketi vitini mwao. Aliyesimama koridoni hahesabiwi, hata kama pua yake imo ukumbini. Nusu saa ikipita bila idadi kutimia, kikao kinavunjika, na muswada ungelala mpaka mwakani, baada ya uchaguzi. Kwa hiyo Mirta na wenzake walipatana wasiketi. Siku ile kututetea kulikuwa ni kusimama tu mlangoni na kunyamaza. Alimtuma mhudumu atueleze, lakini yule mtu alitutafuta chini, kwenye mlango wa watu wa viti vya magurudumu. Hakuwaza kwamba tumebebwa hadi juu.

Bi Elvira ndiye aliyeanza. “Wamekimbia! Wametuuza hawa!”

Mwingine nyuma yangu akadakia, “Ingieni, waoga! Kura mlikuja kuziomba mpaka jikoni kwetu, leo mlango wa kwenu wenyewe mmeuona mzito?”

Mbunge mmoja wa serikali, mwenye masharubu, akageukia mlangoni akitabasamu. “Mheshimiwa Brizuela, wageni wako wanakuulizia. Utawaacha wamesimama?” Nusu ya wageni wale hawakuwa na miguu ya kusimamia. Watu wa upande wake wakacheka.

Mirta alitupungia mkono, kwamba tulieni, ngojeni. Sisi tukaona anatuaga.

Ndipo Anselmo akaita. Ilikuwa sauti ileile ya truko, lakini sijawahi kuisikia kubwa namna ile. “Mirtaaa! Kaa! Kaa useme!” Ukumbi mzima uligeuka. Akaita tena, akajisukuma mbele mpaka kiti chake kikagonga ukingo wa roshani, jasho linamtiririka, analia. Nilimshika mabega lakini sikumnyamazisha. Hata mimi nilitaka aketi.

Mirta akaingia mbio. Baadaye aliniambia alitaka kutueleza kwa maneno mawili tu, Anselmo asije akaporomoka kutoka kule juu. Sasa, vipaza sauti vya ukumbi ule haviwaki mpaka mbunge awe ameketi kitini mwake. Akaketi ukingoni mwa kiti chake, koti bado mkononi, akainama. “Anse, tulia, nisikilize...”

Spika akagonga kengele. Idadi imetimia, kikao kimefunguliwa.

Aliinuka palepale, lakini kilichofunguliwa kimefunguliwa. Wenzake waliokuwa koridoni wakaingia kwa hasira, mmoja akapiga meza kwa ngumi. Sisi huku juu tunashangilia. Tulipiga makofi, shangazi. Bi Elvira alinikumbatia, na Anselmo alikuwa anang'aa uso mzima kama siku ya kipaimara chake.

Na Mirta alisema. Mungu ni shahidi, sijasikia mtu akisema vile. Aliwauliza ni nani kati yao amewahi kumgeuza mtu mzima kitandani, peke yake, na mgongo mbovu. Aliwaambia sakafu waliyokuwa wakikanyaga inafagiliwa kwa mifagio ya karakana yetu, akataja majina ya walioifunga, na Anselmo Quiroga akamtaja wa kwanza. Yule wa masharubu alikuwa anatazama simu yake. Kisha wakapiga kura, ikawa kama ilivyokuwa lazima iwe, na mhudumu akaja kutuomba tushuke polepole kwa sababu lifti bado ilikuwa mbovu.

Mambo mengine niliyajua siku zilizofuata. Magazeti ya mkoa yanasema Mirta alinunuliwa. Chama chake kimemwondoa kwenye kamati, na kwenye ukuta wa duka la marehemu baba yake mtu ameandika neno ambalo sitaliweka kwenye barua. Hajajitetea hata kidogo. Akijitetea itabidi amtaje Anselmo.

Wiki iliyopita alikuja na mkate wa moto ndani ya taulo. Anselmo alikuwa ameshachanwa.

“Ulinisikia?” akamuuliza.

“Nilikusikia, Anse. Bila wewe nisingeingia.”

Anselmo akapiga meza mpaka kikombe kikaruka, akanigeukia. “Umeona? Umeona, Ramona?” Nikamwambia nimeona. Nilikwenda kukata mkate, nikajikata kidole.

Nilipomsindikiza, Mirta alinishika mkono pale langoni. “Asijue kamwe. Mimi waache waniseme watakavyo.”

“Lakini si haki, Mirta.”

“Yeye alikuwa hajui. Mimi nilijua kile kiti kina kazi gani, nikakikalia.”

Tulilia pale langoni kama wajinga. Jirani alizima redio ili asikie vizuri.

Huo ndio ukweli, na sioni njia ya kutokea. Nimewaza mpaka nimechoka. Gari la karakana linakuja mpaka mwisho wa mwezi huu, halafu halitakuja tena. Kule kwenye makazi wamenijibu kwamba mwezi wa tisa kitanda kitakuwa wazi, na sikuuliza kwa nini. Anselmo bado sijamwambia. Kila nikitaka kuanza, yeye ananitangulia na yake. Amejiaminisha kwamba wabunge watakaa tena, watapiga kura upya, na safari hii Mirta hatahitaji kungojwa mlangoni kwa sababu yeye ataita mapema zaidi. Asubuhi anataka maji ya moto na asali. Anasema anatunza koo. Nampa. Hakuna kikao kingine, shangazi, lakini asali ipo, basi nampa.

Usihangaike kunitafutia suluhisho huko uliko, nakujua. Ulishatufanyia mengi tulipokuwa wadogo. Nilitaka tu pawe na mtu mmoja wa damu yangu anayejua.

Nisalimie binamu Rubén na mkewe Consuelo, na wale mapacha ambao nasikia sasa wanazungumza kama Wahispania kabisa. Bi Elvira anakusalimu, na padri anakuombea kila Jumapili, au ndivyo anavyoniambia. Bikira akulinde, akupe usingizi mzuri na watu wa kukuita kwa jina lako.

Jambo moja nakuomba. Ukipiga simu, Anselmo atataka kukuonyesha alivyoita. Mwambie aite. Weka simu mbali na sikio, mwache aite mpaka amalize, kisha umpigie makofi kwa nguvu ayasikie. Mimi nitakuwa jikoni.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda kila siku,

Ramona