Wanakuita Kitale

Baba,

Barua yako kutoka ofisi ya malipo ya askari wa zamani, Kitale, imefika. Imefika siku ya tatu baada ya kukuzika, siku ya kunyoa wafiwa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa chini ya wembe, nami nikaisoma nikiwa nimesimama palepale kwenye nywele. Wanasema uende mwenyewe, daktari wao akupime goti upya. Niliikunja, nikaendelea kumwagia Mama maji. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na watu wa Matulo wameanza kunitazama.

Misimu minne ya mahindi tumeingoja, tangu tulipoomba upimwe tena. Kila nilipokwenda kuuliza, karani wa ofisi ile aliniambia, "Ngojeni tu, ati faili iko njiani." Njiani kutoka wapi, hakusema.

Lakini kosa lilikuwa letu pia, Baba, na langu limo. Siku ile ya kwanza ya kupimwa huko Kitale nililipiga pasi koti lako la jeshi, nikang'arisha vifungo kwa majivu. Ukaniambia, "Nyoosha na mikono, si naenda mbele ya wakubwa." Ukapendeza kweli. Kiti ulikikataa. Ukasimama wima, na goti lile lililogoma kukunjika tangu Burma ndilo lililokusimamisha vizuri zaidi. Daktari akauliza kama bado unaumwa. Ukapiga saluti: "Hapana, afande!"

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua kitambaa nilichokufunga kwenye kidonda cha goti asubuhi kimeshalowa ndani ya suruali. Nikanyamaza, maana niliona fahari. Wakaandika kwamba umepona, wakasimamisha malipo yako ya ulemavu. Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukicheka, "Umeona nilivyowasimamia?" Nami nikacheka nawe.

Kidonda kilifunguka zaidi mvua zilipoanza, na kila mvua baada ya hapo. Wauguzi wa hospitali ya Lugulu walijitahidi mpaka mwisho. Hilo unalijua.

Hapa nyumbani kuku wanalala kwenye kiti chako na hakuna anayewafukuza. Mama anapika chakula kingi kupita kiasi, kisha anakitazama. Mkongojo uko nyuma ya mlango. Siku ya kugawa vitu hakuna aliyeutaka. Koti niliomba mimi. Wazee waliguna, binti na koti la mwanamume wapi na wapi, lakini wakanipa.

Jumatatu nitapanda lori la mahindi hadi Kitale. Koti nitalibeba bila kulipiga pasi, pamoja na vile vitambaa vya kidonda, ambavyo sikuvichoma. Jina lako likiitwa, nitaingia mimi. Nitakaa kwenye kile kiti ulichokikataa, nami sitainuka mpaka wafute neno lile, "amepona." Nakuahidi.

Kwaheri, Baba. Lala. Hapo ulipo huna haja ya kumsimamia mtu.

Binti yako,
Nekesa