Pawa saplai ya Benadetha

Siti uko wapi?? Nimetoka steshenari kwa Benadetha pale Nangara sasa hivi, nina wivu huo.

Nimemkuta Elieza wangu kapiga magoti, anamfungia pawa saplai mpya, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani ya kompyuta. Ile ambayo nyaya zake zinachomoka, unachomeka unazohitaji tu! Ndani ya kompyuta peupe kama sebule ya maharusi.

Kwenye kompyuta yangu mimi alinifungia ya mtumba, nyaya zote hazichomoki, kazisokomeza kama matambara kwenye mto!!

Nikamuuliza mbele ya huyo dada, "Mbona mimi hukunichagulia kama hiyo?"

Ati, "Yako si inawaka?"

SI INAWAKA?? Siti, mchumba wangu huyo!

Na mchana anakuja kula kwangu kama kawaida. Atakuta jiko linawaka. Chakula akale kwa Benadetha.