Mkono Haujui Kitu

Mke mwenzangu Zuhura,

Hapa Temeke sote wazima, mama yako anakusalimu. Mie tu situlii, tangu uniletee vile vitambaa vitatu vya kiwandani kwenu, vya juu ya taulo za kike, uniulize kipi laini zaidi.

Nilipovunja ungo nilichana kanga mpya nijisitiri. Niliipapasa ikateleza, nikaenda nayo shule kwa miguu hadi Kurasini. Ilipolowa ikaanza kukauka, ikakakamaa. Nilirudi natembea kama bata, mapaja yamechubuka. Bibi yangu akanipa kipande cha kanga yake kuukuu. Akasema, “Mkono haujui kitu.”

Vitambaa vyako nimevipapasa, vyote laini. Na kiwanda kinataka jibu Jumatatu. Niambie mjukuu wangu, wewe mwenyewe umevaa kipi ukatembea nacho?

Bibi yako