Shusha Gitaa

Jumatatu, 3 Machi

Sikio la kushoto bado linapiga filimbi. Miaka ishirini na sita ya kupiga muziki wa panki — ndiyo pensheni yangu. Dada kaja studio na barua ya daktari: Alhamisi wanamtoa koromeo, sauti haitarudi. Kaitupa mezani kama risiti ya viatu. Anataka wimbo mmoja wa mwisho. Mimi gitaa, yeye kelele, kesho. Na nisimlilie humu, eti nitamlowanishia mikrofoni.

Jumanne, 4 Machi

Ujanja wangu ni ule ule: namwambia mwimbaji hili jaribio tu, kumbe narekodi. Mtu akijua anarekodiwa hukakamaa. Dada anaujua tangu bendi ianze, na bado hujifanya hajui.

Leo gitaa mimi, mitambo mimi. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikarudi mbio, waya shingoni kama mbuzi. Dada akapasua hewa mpaka trei mbili za mayai, zile tulizobandika kuzuia mwangwi, zikadondoka ukutani. Mara moja tu. Kisha damu kwenye leso.

"Basi, mdogo wangu. Jaribio limetosha." Akanikonyeza.

Alhamisi, 6 Machi

Ametoka salama. Shemeji kapiga simu — analia, anacheka, sijui lipi ni lipi.

Jumapili, 9 Machi

Nimefungua ile kazi kwenye kompyuta. Mstari wa gitaa umejaa. Mstari wa sauti — mtupu! Sikuuwasha. Fundi mzima!

Nikauacha wa gitaa ucheze. Ndipo nikasikia: dada yumo, kwa mbali. Sauti yake imeingilia mikrofoni ya gitaa. Na mimi maisha yangu yote nimekuwa nikifukuza sauti za watu kwenye mikrofoni hiyo. Kwa magodoro. Kwa matusi.

Jumanne, 18 Machi

Dada kaja. Bandeji shingoni, kijidaftari mkononi. Maneno niliyoyapanga siku tisa nikayaacha. Nikabonyeza tu.

Kasikiliza kafumba macho, mguu ukipiga sakafu. Kaandika: "Gitaa juu mno. Kama kawaida yako." Nikacheka. Kaandika tena, kalamu kaikandamiza: "Shusha gitaa."

Nikashusha kidogo. Na sauti yake nayo ikashuka, maana zimo mstari mmoja. Akafumbua macho.

Nikasema naenda kuchemsha chai. Naandika haya jikoni. Maji yalishachemka zamani, yanakaribia kukauka.

Anagonga ukuta. Moja, mbili, tatu, nne — vile alivyokuwa akituanzishia wimbo.