Bunduki Iliyosukumwa Polepole

Jumamosi usiku

Na mimi nilivyomlaumu fundi wa watu! Tangu mume wangu Baraka aichukue hiyo bunduki ya kuwindia kulungu aliyotengenezewa kwa oda, risasi zinakwama tu. Mchana hukaa jikoni na risasi za kujaribia, zile zisizo na baruti, anavuta bolti, kile chuma cha kuingizia risasi, na kuisukuma. Risasi inainua pua, inakwama mlangoni mwa chemba, pale inapotakiwa kukaa. Anashusha pumzi, anaanza upya.

Leo sikuwa na zamu. Nikamwambia, "Mume wangu, twende mjini Savage, huyo fundi atueleze." Nilikwenda nimejaa ugomvi.

Fundi akaisukuma bolti kwa nguvu, mara moja. Risasi ikaingia. Zote zikaingia. Akampa Baraka, naye akasukuma polepole, kama anayemfunika mtoto shuka. Ikakwama.

"Mbona unaibembeleza?" fundi akauliza. "Hii inataka mkono wa haraka."

Baraka akatazama chini. "Mke wangu anafanya kazi usiku, hospitali. Mchana ninapoijaribu, yeye amelala. Nimeshazoea."

Ugomvi wote ukaniishia. Siku hizi tunapishana tu, mmoja anaingia, mwingine anatoka. Nilishaanza kuogopa kwamba hata hanikumbuki. Hilo sijawahi kumwambia.

Tuliporudi nyumbani Champlin nikajilaza kitandani, nikampigia kelele kutoka chumbani: "Haya, sukuma kwa nguvu! Nataka kuisikia!"

Kisha nikasikia hatua zake.

Alikuja kwanza kunifungia mlango wa chumba, kelele zisinifikie.