Nguzo Niliyoitabiri

Kihesa, Jumanne, 1956

Iringa nzima hakuna ajuaye kama mimi waya wa umeme utaibiwa wapi. Uongo. Ni mke wangu aliyeona mhunzi wa bangili akilimbikiza mkaa, harusi zimekaribia, na shaba hana, nayo waya wa umeme ni shaba tupu. Mimi nilimpelekea tu habari msimamizi wetu sisi walinzi wa nguzo, yule kichwa maji: “Bwana, tulinde nguzo ya nyuma ya mhunzi.” Akacheka.

Leo waya umekatwa palepale. Sasa ananibwekea: “Mzee, ulijuaje? Wewe ni mwenzao hao wezi! Kesho rudisha koti la ulinzi.”

Mjinga! Mwizi gani hujitangaza?

Mama watoto, ulipovunja chungu cha mama yangu nilinyamaza. Kesho wewe usinyamaze. Twende ukamwambie ulichokiona.